Msolo, Unga na Kinyago: Sanamu ni Kitu Gani?

Liko swali moja ambalo wazee wa sharika hawachoki kutuletea, hasa wale wenye asili ya pande za kusini, za Masasi na Newala. Mkristo akienda chini ya mti wa msolo, akaweka unga wa mtama kwa ajili ya wazazi wake waliokwisha kufariki, je, ameabudu sanamu? Wako wanaojibu upesi, Ndiyo, na atengwe na Meza ya Bwana. Wako wanaojibu upesi vilevile, La, hiyo ni heshima tu, kama Mzungu apelekavyo maua kaburini. Sisi twaona ya kuwa wote wawili wamejibu kabla ya kutazama Maandiko yasema nini juu ya sanamu, na watu wa kale waliziabudu kwa maana gani.

Watu wengi hudhani kwamba wapagani wa zamani walikuwa wajinga, waliofikiri gogo ni Mungu. Sivyo. Huko Babeli, sanamu ilipokwisha kuchongwa na kupambwa, palikuwa na ibada ya kuiosha kinywa ili mungu apate kukaa ndani yake. Vibao vya udongo vilivyofukuliwa vyaeleza jinsi ilivyofanywa. Mafundi walifungwa mikono, wakafanyiwa ishara ya kukatwa mikono hiyo kwa upanga wa mti, nao wakaapa kwamba si wao walioitengeneza, bali ni kazi ya miungu ya ufundi. Basi walijua vema kwamba imetoka mikononi mwao. Kama wasingalijua, kiapo kilikuwa cha nini? Isaya, katika sura ya 44, apiga papo hapo. Asimulia habari za mtu aliyekata mti mmoja, nusu akaotea moto na kuokea nyama, na nusu iliyobaki akaifanya mungu wa kumwokoa. Fundi aweza kuapa atakavyo, lakini majivu yangali jikoni.

Kwa hiyo mzee wa Masasi anaposema, Sisi hatuuabudu mti, twasema na wale walio hapo, hajasema neno jipya. Mbabeli naye angalisema hivyohivyo. Udhuru huo hautoshi. Lakini na mashtaka ya kwamba amesujudia mti hayatoshi, maana hakusujudia mti. Yatupasa kuchimba zaidi.

Twende kwa Baali. Tangu mwaka 1929 wataalamu wamechimba magofu ya mji wa kale uitwao Ugarit, katika pwani ya Shamu, na maandiko yaliyopatikana huko yamwonyesha Baali kuwa ndiye apandaye mawingu na kuleta mvua. Habari hii yatusaidia kuelewa Wafalme wa Kwanza, sura ya 17 na ya 18: kwa nini Eliya alianza kwa kutangaza ukame, na kwa nini watu pale Karmeli hawakumjibu neno. Hawakuwa wamemkana Bwana waziwazi. Sabato walikuwa wake, na sikukuu walikuwa wake. Lakini shamba lilikuwa na mwenyewe mwingine. Bwana alikuwa Mungu wa baba zao aliyewatoa Misri, Baali alikuwa wa mvua ya mwaka huu.

Asomaye habari hizi akiwa upande wa Makonde hahitaji kuelezwa sana. Lulindi iko chini, na ukipanda kwenda Newala wafika juu ya uwanda wenye mchanga na vichaka, ambao mvua ikinyesha yazama chini mara, wala hapana mto juu yake. Kabla ya maji ya bomba kuanza kufikishwa huko katika miaka ya 1950, akina mama na wasichana walishuka mabondeni kwenye chemchemi, wakajaza mitungi, wakapanda tena mlima nayo kichwani, na saa nyingi za siku zilikwisha njiani. Mama aliyepanda mlima ule na mtungi alielewa Yeremia sura ya 2 kuliko sisi tuliosomea vyuoni. Nabii awalaumu Israeli kwa kuacha chemchemi ya maji yaliyo hai na kujichimbia mashimo yaliyopasuka, yasiyoweza kushika maji. Angalieni, hawalaumu kwa kuwa na kiu. Kiu si dhambi. Na shimo lina uzuri wake: liko nyumbani kwako, umelichimba mwenyewe, wajua kina chake. Chemchemi iko mbali, wala si yako.

Hapo twafikiri ndipo penye sanamu. Sanamu ni mungu aliyewekwa karibu ya nyumba, ambaye bei yake yajulikana. Mpe kiasi hiki, atakupa kiasi hiki. Asipokupa, umekosea kipimo, ongeza. Yawezekana awe wa mti au wa dhahabu, na yawezekana asiwe na umbo lo lote. Luther, katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, afafanua Amri ya Kwanza kwa njia hii: kile ambacho moyo wako wakitegemea, hicho ndicho mungu wako, na kwanza kabisa ataja mali. Jambo hili mahubiri yetu huliruka. Tumewasikia wahubiri wakikemea msolo kwa sauti kuu mbele ya watu ambao mioyo yao, tangu mwezi wa tisa, ilikuwa katika bei ya korosho.

Turudi basi kwenye unga. Kasisi Yohanna Abdallah, Myao wa misheni ya UMCA, aliandika habari za watu wake kwa lugha yao, na kitabu chake kikapigwa chapa mwaka 1919. Kutoka kwa mashahidi kama yeye twajua kwamba zamani, kabla ya safari ya kwenda pwani, unga uliwekwa chini, na asubuhi ukatazamwa. Ukiwa umesimama vizuri kama kichuguu, ni dalili njema. Ukiwa umeporomoka, mtu alikaa nyumbani. Katika tendo hilo moja mna mambo mawili, nasi tusiyachanganye. La kwanza ni kuwataja waliofariki kwa majina, na kukiri kwamba hatukujizaa wenyewe. Sisi hatuoni kwamba hilo lapingana na Neno la Mungu. Kwa kweli liko karibu na Amri ya Nne, na Mkristo asiyejua jina la babu yake hana la kujivunia. La pili ni kuutazama unga asubuhi. Hapo mtu aliyekufa ameombwa aonyeshe njia, na kimya cha Mungu kimepatiwa mwombezi mwingine. Hiyo ndiyo njia ya Sauli kwenda Endori: Bwana hakumjibu, naye hakuweza kungoja. Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, lampa mkulima wa Israeli maneno ya kukiri aletapo zaka yake, na miongoni mwake akiri kwamba hakumpa mfu cho chote katika hiyo. Torati ilijua kishawishi hiki vizuri. Haikumkataza kumlilia mfu wake, ilimkataza kumlipa.

Hapo Masasi alikuwako mtu aliyelifikiri jambo hili kwa kina kuliko wengi, naye ni Vincent Lucas, Askofu wa UMCA kutoka mwaka 1926 hata 1944. Yeye si wa Kanisa letu, lakini ukweli hauulizi cheti. Aliona kwamba kijana wa Kikristo akinyimwa jando ataitafuta gizani, akasema, katika makala iliyotolewa mwaka 1928, kwamba desturi za watu zisivunjwe zote bali zisafishwe, na lililo jema liletwe Kanisani. Basi ikawako jando yenye sala na baraka ya kasisi. Wengine walimlaumu, Wazungu na Waafrika pia. Sisi twaona alikuwa na haki katika jambo kubwa. Lakini twaongeza onyo moja, wala si kwake tu.

Katika Hesabu, sura ya 21, Musa atengeneza nyoka wa shaba kwa amri ya Mungu mwenyewe, na waliomtazama wakapona. Hakuna kitu kilichokuwa na cheti bora kuliko kile. Vizazi vingi baadaye, kama tusomavyo katika Wafalme wa Pili, sura ya 18, watu walikuwa wakimfukizia uvumba, na mfalme Hezekia akamvunja vipande vipande. Kitu kile kilikuwa chema kilipotolewa, ila watu walikuwa wamekigeuza kuwa shimo la karibu. Yafuata kwamba kilichosafishwa hakibaki safi chenyewe, hata kingetakaswa na askofu. Na sisi Walutheri tusicheke. Iko Biblia iwekwayo chini ya mto wa mtoto mgonjwa, ambayo hakuna nyumbani mle aliyeifungua tangu Krismasi. Kati yake na hirizi tofauti ni jalada.

Wengine wauliza juu ya vinyago, maana Wamakonde ni wachongaji mashuhuri, na neno kinyago lafanana na unyago, ngoma ya kuwafunda vijana. Mjerumani Karl Weule, aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika hadithi aliyosimuliwa huko: mtu wa kwanza aliishi peke yake, akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na ikaamka mwanamke hai, mama wa Wamakonde wote. Twaona ajabu katika hadithi hii. Zaburi ya 115 yasema habari za sanamu zenye vinywa zisizonena. Wamakonde wasema juu ya sanamu iliyonena, ikapika, ikazaa. Lakini hawakujenga hekalu kwa ajili yake. Kinyago cha ngoma huvaliwa, huchezwa, huwatisha watoto, kisha hufichwa, hakuna akisujudiaye. Maneno ya Isaya hayamhusu mchongaji huyu. Na vile vya mpingo vinavyouzwa Mwenge, Dar es Salaam, huwekwa na wanunuzi juu ya kabati. Mkristo aweza kuvichonga na kula jasho lake. Mwezi Machi 1522 Luther alirudi Wittenberg kwa haraka, kwa sababu watu walikuwa wameanza kuvunja sanamu makanisani kwa fujo. Aliwahubiri siku nane mfululizo. Alisema vitu vingi vyaweza kutumiwa vibaya, hata jua na divai, wala hatuvifuti kwa ajili hiyo. Moyo ukifundishwa kwanza, sanamu zitaanguka zenyewe.

Basi jibu letu kwa wazee ni hili. Mama akiletwa mbele yenu kwa habari ya msolo, msianze na adhabu. Mwulizeni alisema nini pale, na asubuhi alirudi kutazama nini. Aliyetaja majina ya wazee wake akalia, mwacheni aende kwa amani. Aliyerudi kutazama unga, kaeni naye, mkafundishane Amri ya Kwanza taratibu, na katika siku hizo mjiulize pia ni nani wa usharika aliyekuwa amekwenda kumwona kabla hajaenda mtini. Na kama alikwenda kwa sababu ya mtoto, na mtoto angali mgonjwa, mpelekeni hospitali kwanza. Katekisimu itafuata.