Rejeta Inayong'aa

Bariadi bado zipo Land Rover 109 zinazobeba mizigo. Nyingi ni Series III, zile zilizotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Zilifika huku enzi Bariadi ingali wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, miaka mingi kabla Simiyu haijawa mkoa mwaka 2012. Zilipochakaa mikononi mwa wenyewe wa kwanza ziliuzwa, zikachukuliwa na watu wa magunia: pamba, dengu, choroko, mpunga. Funzo ninalolisimulia hapa lilimpata mmoja wa watu hao, mwalimu mstaafu wa Somanda. Jina lake halitusaidii kitu. Makosa yake yanatusaidia sana.

Land Rover yake ni ya petroli, silinda 4, injini ile ya sentimita za ujazo 2,286 ambayo bloku na hedi vyote ni chuma cha kalibu. Msimu wa pamba ulipoanza, rejeta ikawa inatoa jasho kwenye maungio ya tanki la juu, na gari likawa linachemsha kila likipanda na mzigo. Fundi wake akaichomoa, akaisimamisha juani, akapitisha ukucha kati ya mapezi. Zikatoka nyuzi za pamba, mbegu za majani na vumbi vilivyogandamana kama mkeka. Akachungulia tanki la juu: nusu ya mirija ilikuwa imezibwa na magadi meupe ya maji ya kisima.

"Shikamoo tena mzee," akasema, "lakini hii rejeta haijafa. Ni shaba tupu hii. Niachie siku mbili niibandue matanki, nipitishe vijiti kwenye mirija, nirudishie kwa risasi."

"Marahaba. Miaka yote mnaniziba-ziba tu. Safari hii nataka mpya."

Nadhani kulikuwa na jambo jingine moyoni mwa mzee. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na picha za magari yaliyopakwa rangi na kusuguliwa mpaka chini ya boneti zilifika mpaka kwenye simu za Bariadi. Mwenye 109 iliyochoka aliziangalia picha zile kwa uchungu. Si kosa kutaka gari lako lipendeze, ila rejeta ni mahali pabaya pa kuanzia urembo.

Akaenda Mwanza. Huko akauziwa rejeta ya alumini yenye matanki ya plastiki, iliyotoka kwenye gari la Kijapani, pana, nyepesi, inang'aa. Muuzaji akamwambia kwamba hata lori halichemshi kwa rejeta ile. Bei ilipungua pia, kwa sababu ile ya zamani ilipokelewa kwa uzito, kilo za shaba za watu wa vyuma chakavu. Kwangu mimi hapo ndipo hasara ilipoanza, maana rejeta ambayo fundi wa Bariadi angeweza kuifufua kwa kibatari cha kuchomelea na fimbo ya risasi ilikwenda mizanini ikiwa bado ina kazi ndani yake.

Fundi alipoiona mpya alikuna kichwa. Hakuna aliyekuwa ameipima kabla ya kuinunua. Ilikuwa pana kuliko fremu ya mbele, ikabidi bati likatwe. Midomo yake ya maji ilikuwa myembamba kuliko mipira ya 109, ikaungwa kwa kipande cha bomba na klipu. Fremu ya duara inayoielekezea feni upepo haikuingia tena, ikawekwa pembeni, na feni ikabaki mbali na mapezi ikipepea hewa ya injini yenyewe. Halafu tanki la juu likakaa chini ya nyumba ya thamostati kwa upana wa vidole vinne hivi. Fundi alilisema hili la mwisho, akalisema mara mbili. Mzee akajibu kwamba maji ni maji.

Maji ni maji, lakini hewa hupanda juu. Sehemu ya juu kabisa ya mfumo inapokuwa ndani ya injini badala ya kuwa kwenye mfuniko wa rejeta, hewa haina pa kutokea. Hukaa kwenye hedi, palepale penye moto mkali.

Mfuniko nao ulikuja na rejeta, umeandikwa 1.1. Namba ile ni presha, karibu paundi 16. 109 iliundwa kwa mfuniko wa paundi 9 hivi. Presha si adui, ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema, na sisi tunaihitaji kuliko watu wa pwani. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 96 tu. Mfuniko wa paundi 9 huyapandisha hadi nyuzi 110 hivi. Ule wa 1.1 huyafikisha karibu 120, ila presha hiyo yote hubebwa na mipira ya zamani, klipu za zamani na kile kipande cha bomba.

Mjini gari lilikwenda vizuri. Mzee akafungua boneti sokoni, watu wakasifu. Kisha akapakia magunia ya choroko ya mnunuzi mmoja wa Lamadi, lami ya kilometa 70 na ushee. Walipoiacha Dutwa injini ikaanza kugonga na nguvu kupungua, lakini mshale wa geji ya joto haukufika hata nusu. Mzee akaendelea kwa sababu geji ilimwambia aendelee. Hapa kuna jambo ambalo kila mwenye gari la zamani angepaswa kulijua: kihisio cha geji kimetengenezwa kizame majini. Kikizungukwa na mvuke au hewa kinaweza kusoma joto la chini wakati hedi inaungua.

Mpira wa juu ukapasuka penye kiungo. Utingo, kijana mwenye nia njema, akakimbilia dumu na kumimina maji ya baridi kwenye injini iliyokuwa inatoa harufu ya chuma. Hedi ikapasuka. Choroko zilifika Lamadi kwa gari la mtu mwingine, na Land Rover ikarudi Bariadi kwa kamba.

Sisemi alumini ni mbaya. Shaba hupitisha joto vizuri zaidi, lakini mirija ya alumini inaweza kufanywa mipana na imara, kwa hiyo rejeta nzuri ya alumini iliyotengenezwa kwa ajili ya 109 hupoza bila shida. Swali ni nani ataiziba ikitoboka Itilima saa kumi jioni. Risasi ya kawaida haishiki alumini, na tanki la plastiki likipasuka hakuna cha kuchomelea. Wala wingi wa safu za mirija si dawa: rejeta nene isiyopitisha upepo inashindwa na nyembamba iliyo safi.

Mwenye 109 kwetu huku angeanza na kuibandua na kuisafisha ile ya zamani. Mirija ikiwa imekwisha kweli, matanki ya awali yabaki, kiini tu kibadilishwe kwa cha shaba, ili midomo, mfuniko na feni vikae vilevile. Pia achunguze kwanza thamostati, pampu ya maji na mkanda wa feni, kwa sababu rejeta husingiziwa makosa mengi ya wenzake. Kulanti za kisasa za muda mrefu nyingine hazipatani na risasi ya rejeta za zamani, basi asome kopo. Na ndani asitie maji ya kisima yenye magadi, atie ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi.

Na wewe uliyekwisha kupanga safari ya Mwanza kutafuta rejeta: chukua tepu, pima urefu, upana, unene na midomo yote, andika namba ya mfuniko, kisha ile kuukuu uifungie stoo. Usimpe mtu wa mizani mpaka mpya imalize msimu mzima wa pamba.