Mavazi ya Sauli na Baiskeli Mbili

Somo: 1 Samweli 17:38–40



Mwezi huu napenda tutafakari habari ya mtu anayechagua kati ya vitu viwili vizuri. Tukichagua kati ya jema na baya, dhamiri hutusemesha mapema. Lakini vyote viwili vikiwa vizuri, dhamiri hunyamaza, na hapo ndipo kiburi hupata nafasi ya kusema.

Nitaanza na habari yangu mwenyewe, nayo si ya kujisifu. Nilipostaafu ualimu, daktari aliniambia kwamba sukari imeanza kupanda, nami lazima nifanye mazoezi. Nikaitoa Phoenix yangu ya zamani, nikawa natoka hapa Mwandiga alfajiri, nashuka hadi Kigoma mjini na kurudi. Mwanangu anayefanya kazi Dar es Salaam aliposikia alifurahi sana. Akasema, "Baba, ukija huku nitakununulia baiskeli nzuri."

Nilipofika, alinipeleka kwa fundi anayeuza baiskeli za mbio zilizotumika Ulaya. Zilikuwapo mbili za kimo changu. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, fremu yake ya nyuzi za kaboni, uzito wake kilo 7 hivi. Niliinyanyua kwa vidole viwili! Usukani wake uko chini, na tairi zake ni nyembamba, milimita 25. Ya pili ilikuwa ya kilo 9, usukani wake umeinuka, tairi zake milimita 32, tena ina gia ndogo za kupandia mlima. Nayo ilikuwa ghali, ila ile nyeusi iliizidi bei kwa mbali.

Ndugu zangu, sikuuliza neno. Nilinyosha kidole kwenye ile nyeusi. Moyoni nilikwisha kujiona napita njia panda ya Mwandiga, vijana wa bodaboda wakigeuza shingo.

Fundi akaniuliza kwa upole, "Mzee, utashindana na nani?"

Sikuwa na jibu. Akasema, "Basi zijaribu zote mbili." Nikaendesha ile nyeusi kwa saa moja. Mgongo uliniuma, viganja vikafa ganzi, na kila shimo la barabara nililihesabu kwa meno. Ile ya pili niliiendesha saa moja na nusu, nikashuka naimba.

Kisha yule fundi akanifundisha hesabu ambayo mimi mwalimu nilikuwa nimeisahau. Mwili wangu una kilo 82. Nikipanda ile nyeusi, jumla ni 89. Nikipanda ile nyingine, ni 91. Tofauti ni kama 2 katika 100 tu, nami ningeweza kuipunguza kwa kupunguza ugali. Hata mabingwa wa dunia wamewekewa mpaka: tangu mwaka 2000 sheria ya chama chao cha kimataifa inakataza baiskeli ya mashindano iliyo chini ya kilo 6.8. Lakini bingwa huhesabu sekunde. Mimi nahesabu sukari.

Sasa tumtazame Daudi. Sauli alimvika mavazi yake, chapeo ya shaba na upanga. Yalikuwa mavazi mema, mavazi ya mfalme, na aliyeyatoa aliyatoa kwa nia njema. Lakini Biblia imekwisha kutuambia, katika sura ya 9, kwamba Sauli aliwapita watu wote kwa urefu tangu mabegani. Daudi alijaribu kutembea, akaona hawezi, kwa kuwa hakuwa ameyazoea. Akayavua. Akaenda kijitoni, akachagua mawe matano laini.

Angalieni vema. Daudi hakuyachagua mawe kwa sababu ni ya bure, wala hakuyakataa mavazi kwa sababu ni ya thamani. Alichagua kile alichokijua mkononi mwake, kwa kazi iliyokuwa mbele yake. Tena alikuwa na ujasiri wa kuyavua mbele ya mfalme. Wengi wetu tumekwisha kuvaa mavazi ya Sauli, nasi twaona haya kuyavua.

Basi, kila tunapochagua, iwe baiskeli, shule ya mtoto, shughuli ya harusi, au vipaza sauti vya kanisa, tujiulize maswali matatu.

La kwanza: Je, ni cha kipimo changu, au cha mtu ninayetamani kudhaniwa kuwa ndiye?

La pili: Je, kinafaa njia yangu? Ziwa letu liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na anayeshika barabara ya Manyovu hupanda milima kupita Kalinzi. Njia hiyo haiulizi bei ya fremu. Inauliza gia na magoti.

La tatu ndilo lililonichoma: Je, uchaguzi wangu unamwacha nani akitembea?

Maana nilipomwambia mwanangu kwamba nimeichagua ile ya pili, alisema, "Basi baba, fedha iliyobaki ni yako." Nilifurahi, nikaanza kuhesabu viatu vya baiskeli, kofia na nguo za kubana. Usiku nikamkumbuka mwinjilisti wetu anayekwenda mtaani kwa miguu, masika na kiangazi, naye ameinuliwa na shemasi mmoja tu: fimbo yake. Siku tatu nilinyamaza. Sitawaficha: nilitafuta sababu za kumsahau, nikazipata nyingi. Siku ya nne nilimwambia mwanangu ukweli. Tukanunua kofia ya kunikinga kichwa, na fedha iliyosalia ikawa ya baiskeli ya mwinjilisti.

Nilipompeleka dukani achague, hakutazama rangi wala uzito. Aliuliza neno moja: "Ina keria imara?" Kwa sababu hubeba dumu la mawese, hubeba Biblia na vitabu vya nyimbo, na siku nyingine hubeba mgonjwa. Nilisimama pale nikaona haya. Mimi nilihitaji fundi, maumivu ya mgongo na siku tatu za kushindana na nafsi yangu. Yeye aliyajua mawe yake tangu mwanzo.

Wapendwa, sisemi kwamba kitu kizuri ni dhambi. Baiskeli yangu ni nzuri, nami humshukuru Mungu kila alfajiri nikiipanda. Wala msinisifu kwa kutoa, maana nilitoa kilichobaki, tena kwa kuchelewa. Nasema tu kwamba jicho huchagua upesi, na mwili hulipa polepole. Na mara nyingine anayelipa ni jirani.

Bwana atupe macho ya Daudi na moyo wa kuvua yasiyo yetu. Amina.