YAI LA AJABU SI UCHURO

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad na Aali zake na Sahaba zake. Ama baad:

Ewe ndugu Muislamu, mjane mmoja wa Kisongo, chini ya mlima Meru, alikuta tunduni yai dogo mfano wa gololi. Jirani akamwambia, "Mama, huo ni uchuro, umetupiwa jambo." Mjane akaingiwa na hofu, akamwendea mpiga ramli, na ujira wake akaulipa kwa kumwuza mbuzi wa maziwa, naye ni mali ya mayatima. Mpiga ramli akamtaja wifi wa mjane yule kuwa ndiye mchawi. Undugu ukakatika siku ile ile. Yai lilipovunjwa, halikuwa na kitu ndani ila ute.

Haya basi, na ijulikane sababu yake. Kiini hutoka katika kifuko cha mayai, kikapita katika mrija, kikavikwa ute, kisha ganda; na kazi hiyo yote huchukua muda wa siku moja na kidogo zaidi. Pengine kipande kidogo cha nyama huponyoka kikaingia mrijani badala ya kiini, nao mrija ukakivika kama desturi yake. Likatoka yai dogo lisilo na kiini. Vikitoka viini viwili pamoja, huwa yai la viini viwili, na aghalabu hutagwa na kuku mchanga. Ganda laini huletwa na uchache wa chokaa katika chakula, au joto, au kituko, au maradhi kama mdondo. Na kuku jike akiwika, pengine huwa kifuko chake cha mayai kimeharibika. Hayo yote ni maumbile, wala hapana mkono wa mchawi.

Wala ujinga huu si wa watu weusi peke yao. Katika mji wa Basel, huko Uswisi, mwaka 1474, jogoo alihukumiwa na kuchomwa moto kwa kuwa ametaga yai. Na katika Leeds, Uingereza, mwaka 1806, mwanamke jina lake Mary Bateman alionyesha mayai yenye maandishi ya kubashiri kuja kwa Masihi. Watu wakatoa fedha kwenda kuyatazama, kisha ikadhihirika kuwa ameyaandika yeye mwenyewe. Penye hofu hapakosi mwenye kuifanyia biashara.

Mtume wetu (s.a.w.) alikataza kuona uchuro, akaufanya ni katika mambo ya shirki. Alipokufa mwanawe Ibrahim, katika mwaka wa 10 wa Hijra, jua lilipatwa, watu wakanena kwamba limepatwa kwa ajili ya msiba ule. Naye, juu ya huzuni yake, hakuwaachia dhana hiyo, bali aliwafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Ikiwa jua halikuwa uchuro, yai litakuwaje? Na ametuonya pia ya kuwa amwendeaye mpiga ramli akamwuliza jambo, hakubaliwi sala yake siku arobaini.

Basi tazama hasara ya mjane yule: sala yake, mali ya mayatima, na undugu, vyote kwa yai moja. Kuku alirejea kutaga kama desturi, wifi hakurejea.

Kwa hiyo, aonaye yai la ajabu na amtazame kuku wake: ampe chokaa na maji safi, na akiwa mgonjwa amtenge. Na aliyemsingizia mtu uchawi, yampasa atubie kwa Mola wake, kisha aende kwa miguu yake kwa yule aliyemdhulumu akamwombe radhi. Kwani haki ya mja haiondoki kwa istighfari peke yake. Na aliyekula mali ya yatima na airudishe.

Mwenyezi Mungu atuepushe na dhana mbaya, na ayaunganishe yaliyokatika. Amin.