Kiumbe Kipya na Motokaa Kuukuu

Neno la mwezi huu: 2 Wakorintho 5:17



Neno hili la Mtume Paulo twalisoma mara nyingi tubatizapo watu wazima, na walimu wa vijijini hulifundisha kwa bidii. Lakini wanafunzi wetu hutuuliza swali, nalo ni swali la haki. Mtu akiisha kufanywa kiumbe kipya, mbona hasira yake ya zamani ingalipo? Mbona pombe yamwita tena siku ya mshahara? Je, ubatizo wake ulikuwa bure? Mwezi huu twapenda kulijibu kwa mfano. Bwana wetu alitwaa mifano yake kwa mpanzi, na kwa mvuvi, na kwa mwanamke akandaye unga. Nasi tutautwaa wetu kwa fundi wa motokaa. Wazee wasinune.

Katika nchi ya Marekani, hasa upande wa California, wako vijana ambao tangu miaka ya 1930 na kitu wamekuwa na desturi ya kununua motokaa kuukuu na kuziunda upya kwa mikono yao, ziwe nyepesi na zenye mbio. Motokaa hizo huitwa hotirodi. Walizipeleka kushindana katika maziwa yaliyokauka ya jangwa la Mojave, kama Muroc na El Mirage, ambako ardhi ni tambarare na ngumu. Mwaka 1937 vilabu vya kusini mwa California viliungana viwe na kanuni moja. Vita ya pili ya dunia ilipokwisha mwaka 1945 kazi hiyo ilizidi sana, kwa maana askari wengi walirudi wakiwa wamejifunza ufundi wa mitambo jeshini. Mwaka 1949 walianza kushindana pia katika uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah. Na desturi hiyo haijafa hata leo.

Basi tumtazame kijana wa namna hiyo. Hana fedha nyingi. Motokaa ndogo isiyo na paa la chuma, ambayo ni nyepesi, wenziwe huigombania, na bei yake i juu. Yeye apata sedani, motokaa nzito iliyochukua baba na mama na watoto miaka mingi, kisha ikaachwa nyuma ya ghala hata kuku wakataga ndani yake. Labda ni Ford ya mwaka 1932, mwaka ambao Ford ilianza kuuza motokaa yenye injini ya V ya silinda 8, nguvu zake za farasi 65. Majirani wacheka. Yeye alipa bei, aiandikisha kwa jina lake, aivuta kwa kamba mpaka nyumbani.

Angalieni hapo, ndugu. Saa ile ile ni yake. Haijaenda hata hatua moja kwa nguvu zake yenyewe, magurudumu hayana upepo, viti vimeliwa na panya. Lakini ukimwuliza ni ya nani, atajibu pasipo kusita, Ni yangu. Hakungoja iwe nzuri ndipo ainunue. Ndivyo tulivyofundishwa katika kanisa letu habari ya kuhesabiwa haki kwa imani: bei imekwisha kulipwa, tena si kwa fedha, nasi tungali wabovu. Anayesema, Nitakuja kwa Kristo nikiisha kujitengeneza, asema neno ambalo hata sedani ya nyuma ya ghala isingelisema, kama ingekuwa na kinywa.

Kisha kazi yaanza, nayo si ya siku moja. Kijana afungua madigadi, bampa na boneti, kila kizito kisicholazimu. Wengine hukata nguzo za paa na kulishusha inchi chache. Ndipo waonapo kwamba vioo navyo havifai tena, yawapasa kuvikata upya. Badiliko moja lavuta la pili. Rangi ya zamani ikwanguliwapo, kutu yaonekana. Na hapo ndipo penye jaribu. Mafundi wa zamani walijaza mabonde na maungio ya bati kwa risasi iliyoyeyushwa, wakaisawazisha kwa tupa, na palipo na chuma kizima ni ufundi mwema. Lakini mvivu huimwaga juu ya kutu, akapaka rangi nyekundu, akasifiwa na wapitao. Kutu haisomi rangi. Yala kwa ndani, hata baada ya muda rangi yatumbuka kama jipu. Bwana alisema neno kali juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa, nasi walimu tujihadhari. Mwanafunzi akiikariri Katekisimo Ndogo yote pasipo kosa, twamweka mkono wa kipaimara kwa furaha. Je, tumemwuliza habari ya ndugu yake ambaye hawasemezani tangu mwaka jana?

Liko jambo jingine ambalo hutuogofya zaidi. Ile Ford ya mwaka 1932 ilikuwa na breki za kuvutwa kwa fimbo za chuma. Breki za mafuta hazikuingia katika motokaa za Ford mpaka zile za mwaka 1939. Kijana apendaye mbio huanza kwa injini. Aiongezea kabureta, abadili kichwa cha silinda, apata nguvu nyingi kupita zile za kwanza. Injini yanguruma, moyo wake wafurahi, lakini breki ni zile zile za kale. Kwenda, itakwenda, kusimama ni habari nyingine. Mafundi wenye akili huanza chini: chesisi, usukani, breki, hata taa, ndipo waiguse injini. Hayo hayaonekani wala hayasifiwi na mtu. Twajua wakristo waliopewa nguvu upesi, sauti ya kuhubiri, cheo katika usharika, ufunguo wa sanduku la sadaka, kabla hawajajifunza kusimama. Walipofika penye mteremko tuliwalaumu wao. Kwa kweli sisi tuliowapa injini tulistahili sehemu ya lawama.

Mtu aweza kuuliza: Vitu vyote vikiisha kubadilishwa, je, bado ni motokaa ile? Liko jibu. Kiwandani walipiga namba katika chuma cha chesisi, na mwenye kuiunda haifuti. Vivyo hivyo Sauli aliyelitesa kanisa na Paulo aliyelijenga ni mtu mmoja, naye hakuyaficha ya kwanza. Mwaka 1517 Daktari Luther alianza zile hoja zake 95 kwa kufundisha kwamba toba ni kazi ya maisha yote ya mkristo. Basi mwanafunzi aulizaye juu ya hasira yake na ajibiwe hivi: Wewe ni wake tangu siku ile uliyobatizwa, naye fundi hajaweka spana chini.

Tusisahau pia jinsi wazee wa Marekani walivyowatendea vijana hao. Wengi walishindana barabarani usiku, watu wakaumia, na magazeti yakawaita wahuni wote pamoja. Mwaka 1951 Bwana Wally Parks, aliyekuwa mmoja wao, alianzisha chama cha taifa cha kuwakusanya na kuwapa kanuni na mahali pa salama. Mwaka 1953 walifanya mashindano yao ya kwanza ya chama huko Pomona, California, katika uwanja wa kuegeshea magari, na polisi wa mji wakawa upande wao. Kukataza peke yake kulikuwa kumeshindwa.

Twayasema haya kwa aibu. Miaka mitatu iliyopita kijana mmoja wa darasa la kipaimara, aliyekuwa akijifunza kazi kwa fundi wa magari, alikuja amechelewa, mikono myeusi kwa mafuta. Tulimkemea mbele ya wenzake, tukamwambia nyumba ya Mungu si gereji. Hakurudi. Tulingoja aje kuomba radhi, mwaka ukapita, na wa pili. Mwezi uliopita, tulipokuwa tukiyatengeneza maneno haya, dhamiri haikutuacha, tukaenda kule kazini kwake. Miguu yake tu ilionekana, mwili u chini ya motokaa. Alitoka, akasimama.

"Shikamoo, Baba Mchungaji. Motokaa ya usharika imeharibika?"

Tukamwambia haijaharibika, tumekuja kwa ajili yake, tena sisi ndio tuliokosa. Akatwaa kitambaa, akajipangusa mikono muda mrefu pasipo kutazama juu. Kisha akauliza darasa huanza saa ngapi siku hizi. Tukamjibu, saa atakayotoka kazini.