Koleo Likikatika, Chuma Kikiwa Motoni

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Methali hii huambiwa mwanafunzi aliyefeli, mfanyabiashara aliyefilisika, hata mgombea aliyeangushwa kwenye kura. Ni nadra kumsikia mtu akimwambia yule anayeihitaji kuliko hao wote: aliyeacha pombe au unga, akakaa miezi kadhaa, kisha siku moja akateleza.

Huku Songea msimu wa kuteleza unajulikana. Aliyeacha pombe Februari, mvua zinanyesha na mfuko mtupu, bado hajapimwa sana. Kipimo kikali huja katikati ya mwaka, mahindi yakishauzwa, ngoma ya lizombe ikianza kunoga na pombe ya komoni ikipikwa mtaa kwa mtaa. Kopo likizungushwa kilabuni, anayelipitisha bila kunywa huulizwa anaumwa nini. Komoni ikipungua, mvua zinarudi na ulanzi wake, pombe ya mianzi. Hakuna mwezi unaompa nafasi ya kupumzika.

Sasa na tumtazame mhunzi mwenyewe, fundi anayefua visu na majembe kwa springi za magari mabovu. Chuma kinatoka motoni kimeiva, chekundu; mkono mmoja umeshika koleo, wa pili nyundo. Koleo likikatika pale kwenye msumari wa katikati, chuma huanguka na kazi husimama papo hapo. Hasara ipo, wala methali haiifichi. Lakini fundi hajasahau chuma kinachofaa kupigwa kina rangi gani, wala mivukuto ivutwe kwa kasi ipi. Koleo limekwenda, ujuzi umebaki.

Ndivyo ilivyo kwa aliyerudia kopo baada ya miezi minane. Hesabu ya siku itaanza tena moja, na ni haki ianze, kwa sababu hesabu ya kujidanganya haina faida. Ila yale aliyojifunza hayajafutika: anajua ni saa ngapi ya jioni hamu humjia, ni rafiki gani asiyefaa kukutana naye akiwa na pesa, ni njia ipi ya kwenda nyumbani isiyopita kilabuni. Wataalamu huuhesabu uraibu kuwa maradhi ya kudumu. Utafiti wa Marekani unaotajwa mara nyingi unaonyesha kuwa kati ya asilimia 40 na 60 ya wanaotibiwa hurudia, kiwango kisichozidi cha wagonjwa wa presha au pumu ambao hali zao huharibika tena. Mwenye presha akiacha vidonge ikapanda, ndugu humkimbiza hospitali. Mlevi akirudia, ndugu haohao humwambia hana haya.

Hata hivyo methali hii huharibiwa na wanaoigeuza kibali cha kunywa: leo nateleza, kesho nitanyooka. Hakuna mhunzi anayevunja koleo makusudi, na likivunjika hachukui chuma cha moto kwa vidole. Kwa watumiaji wa heroini onyo hili ni la uhai na kifo. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila dawa hupoteza ustahimilivu wake, na anayerudia kipimo alichokizoea zamani anaweza kuacha kupumua. Wengi wamekufa hivyo, baada ya kutoka gerezani au kwenye matibabu.

Liko jambo jingine ambalo wafafanuzi wa methali hulipita haraka. Koleo jipya hufuliwa kwa chuma cha moto, na chuma cha moto hushikwa kwa koleo. Kwa hiyo fundi aliyevunjikiwa hana budi kuazima kwa jirani.

Mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, Bill Wilson, mfanyabiashara aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache, alijikuta hotelini, dili limeharibika na baa iko hatua chache kutoka alipo. Alichofanya ni kupiga simu kutafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akampata daktari Bob Smith. Smith naye akaacha, na baada ya wiki chache akateleza. Wilson hakumfukuza. Tarehe 10 Juni 1935, siku inayosemwa kuwa Smith alikunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Chama hicho kilianza mtu akiwa ametoka kuvunja koleo!

Zanzibar walilifahamu hilo la kuazima koleo kwa jirani. Tangu 2009 zimefunguliwa huko nyumba za upataji nafuu, ambamo walioacha unga huwashika mkono wanaoacha. Bara, hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kuwasaidia wanaoacha unga, mwaka 2011. Lakini methadoni ni ya walionaswa na heroini na dawa za jamii yake. Mlevi wa gongo haimfai, na Songea pombe ndiyo kilio cha nyumba nyingi. Huyo anahitaji daktari na anahitaji watu.

Daktari kwanza. Anayekunywa sana kila siku kwa miaka akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuona mambo yasiyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Asifungiwe chumbani ajikaze kiume, apelekwe hospitali. Baada ya hapo, wenye nyumba na wenye sherehe wamsaidie kwa jambo dogo: wamwekee soda mapema, na wasimuulize anaumwa nini.