Kimbunga kilichoitwa Hidaya

Ndugu zangu Waislamu, mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilitangaza kuwa kimbunga Hidaya kinaelekea pwani yetu. Huku Nyegezi wapo waliolicheka jina: upepo wa kung'oa minazi, vipi uitwe uongofu?

Shemeji yangu anaishi Kilindoni, Mafia. Ijumaa tarehe 3 boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama. Jioni akanipigia: mashua zimevutwa juu, wanaume wanafunga mapaa kwa kamba, watoto wamepelekwa kwa jirani mwenye nyumba ya matofali. Usiku simu yake ikawa haipatikani. Ziwa limetulia kabisa, nami ninasali na kupiga namba ileile. Jumamosi kimbunga kikatua Mafia, kikaishiwa nguvu. Alhamdulillahi, kilichoondoka kwake ni mabati ya jiko.

Siku ya pili, nje ya msikiti, mzee mmoja akasema watu wa pwani wamezidi maasi. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) akiona wingu zito uso wake ulibadilika, akiingia na kutoka, akihofia yasije yakawa ya kina Adi, waliodhani ni mvua. Alikuwa Madina, na hofu aliianzia hapohapo kwake. Sisi wa Mwanza nani katupa cheti?

Kijana mmoja naye akasema TMA wanatutisha tu: Jobo mwaka 2021 alifia njiani, na Kenneth mwaka 2019 alitarajiwa Mtwara akaenda Msumbiji. Kauli hii naiogopa zaidi. Kenneth aliua watu Cabo Delgado, jirani tu na Mtwara. Waliohama Mtwara hawakudanganywa. Sayyidna Umar (r.a.) aliposikia kuna tauni Sham aligeuza msafara. Alipoulizwa kama anakimbia kadari ya Allah, alijibu kuwa anaikimbia kwenda kwenye kadari Yake nyingine. Huyo hakuwa mtu wa imani haba.

Vijana wetu wa dagaa wanaingia ziwani usiku, tangazo la upepo mkali limeshatolewa, jaketi la kujiokolea hakuna, wakisema siku ikifika imefika. Wanaobaki na eda na mayatima tunawajua. Msikitini tunatangaza misiba na michango baada ya swala. Maimamu wa Luchelele, Kirumba na Igombe, tangazo la TMA lisomwe baada ya Alasiri, kabla mitumbwi haijatoka.