Bomu la Atomu Latuhusu Nini?



Kila tarehe 6 Agosti Kanisa huadhimisha Kugeuka Sura kwa Bwana Yesu, uso wake ulipong'aa mlimani. Siku iyo hiyo, mwaka 1945, nuru ya namna nyingine iliwaka juu ya mji wa Hiroshima, Japani. Ndege moja ya Marekani ilikuwa imeangusha bomu moja. Baada ya siku tatu likaangushwa la pili, Nagasaki. Hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima, na 70,000 hivi Nagasaki. Wengi waliungua au kuangukiwa na nyumba zao. Wengine hawakuwa na jeraha lolote, lakini baada ya siku chache nywele zikanyonyoka, damu ikawatoka, wakafa kwa ajili ya mionzi. Miaka ilipopita, kansa ya damu iliwapata wengi walionusurika, hasa waliokuwa watoto siku ile.

Huenda mmoja wetu akauliza: hayo yatuhusu nini sisi wa Musoma na Bunda, tunaohangaika na mvua, pamba na samaki?

Yatuhusu, kwanza, kwa sababu ya udongo wa Afrika. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kuunda mabomu yale ilitoka Shinkolobwe, katika Katanga ya Kongo, ambako watu husema Kiswahili kama sisi. Waafrika waliichimba chini ya Wabelgiji, wala hawakuulizwa kama waliridhika na kazi itakayofanywa nayo.

Pili, yatuhusu kwa sababu ya jirani yetu wa Butiama. Tarehe 22 Mei 1984 Mwalimu Julius Nyerere, pamoja na viongozi wa India, Uswidi, Ugiriki, Meksiko na Ajentina, aliyataka mataifa yenye silaha za nyuklia yaache kuzijaribu na kuziunda. Tanzania haikuwa na bomu hata moja. Lakini moto wa namna hiyo hauchagui nyumba ya aliyeuwasha. Basi asiye na bomu naye ana haki ya kusema.

Lakini tusilikwepe swali gumu. Wako wasemao ya kwamba bomu lilimaliza vita na kuokoa maisha ya askari wengi. Hoja hii si ya kubezwa. Vijana wa Afrika Mashariki, askari wa Keya, walipigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944, na kila mama alitamani mwanawe arudi. Hata hivyo twauliza: je, ni halali kumrudisha mwana wangu kwa kumchoma mtoto wa mwingine aliye njiani kwenda shule?

Wako pia wasemao ya kwamba bomu sasa ni la kutisha tu, na kwamba hofu ndiyo iliyozuia vita kuu nyingine. Tufikiri habari ya mwenye boma amwambiaye jirani yake, "Ukiiba ng'ombe wangu, nitaichoma nyumba yako na watoto wako ndani." Labda hataibiwa kamwe. Lakini ili aaminiwe, hana budi kuweka kijinga cha moto mlangoni kila usiku, na kuwafundisha wanawe wawe tayari kukitupa. Ng'ombe wake wamesalimika. Moyo wake, na mioyo ya wanawe, je? Aliyekwisha kukubali kuwachoma watoto, hata kama hajawachoma, amekwisha kupoteza kitu ambacho ng'ombe hawawezi kukirudisha.

Leo mataifa tisa yana mabomu hayo karibu 12,000. Kishawishi chake ni kikubwa: India, mojawapo ya nchi zile sita, ilikuwa imelipua la majaribio mwaka 1974, ikarudia mwaka 1998. Lakini lawezekana pia kuwekwa chini. Afrika Kusini ilikuwa imeunda mabomu sita, ikayavunja yote, na mwaka 1993 ikautangazia ulimwengu. Mkataba wa Pelindaba, unaoikataza silaha hiyo katika Afrika nzima, ulitiwa sahihi Cairo mwaka 1996, ukaanza kutumika mwaka 2009.

Basi tuombe kila Agosti kwa ajili ya waliokufa na kwa ajili ya wenye mamlaka. Lakini tujipime na sisi. Mmoja wa ukoo fulani akitukosea, nasi tukasema ukoo mzima ulipe, mkubwa kwa mdogo, tumefikiri kama aliyeangusha bomu, ila mikono yetu ni mifupi. Ibrahimu alimsihi Mungu kwa ajili ya mji mwovu, asije mwenye haki akaangamizwa pamoja na mwovu. Tuanze hapo, katika vijiji vyetu wenyewe: aliyekosa aitwe kwa jina lake, ahukumiwe kwa kosa lake, na mtoto wake aachwe acheze na wetu.